Football Manager 2024 na kibali cha kazi cha England: pointi 15 zinazoamua usajili wako

Klabu imekubali dau. Wakala ameridhika na mshahara na bonasi ya mabao. Vipimo vya afya havina tatizo. Unabonyeza kitufe cha kuendelea, siku inageuka, na ujumbe unaingia: ombi la kibali cha kazi limekataliwa. Dili limekufa, dirisha limebakiza siku mbili, na winga uliyemfuatilia tangu Julai amebaki alikokuwa.

Anayecheza Football Manager, gemu la kompyuta la kusimamia klabu ya soka, akiwa na timu ya England anaujua ujumbe huo, na wengi huuita mkosi. Ni hesabu, na ukiijua unaweza kuifanya kichwani kabla hujamtuma skauti popote. Tathmini hii haigusi mbinu za uwanjani wala injini ya mechi ya FM24, yaani toleo la 2024. Inaangalia jambo moja tu, jinsi gemu hili linavyoshughulikia vibali vya wachezaji wa kigeni, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi ya usajili inapovunjika, na pia ndipo waundaji wake, Sports Interactive, walipofanya kazi ya kuheshimiwa. Gemu lilitoka tarehe 6 Novemba 2023. Halina Kiswahili, kwa hiyo menyu zote utazisoma kwa Kiingereza au lugha nyingine kubwa.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu matoleo ya zamani bado yamejaa kwenye laptopu za watu na sheria zake si hizi.

Hadi mwisho wa 2020, mchezaji mwenye pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya aliingia England bila kuulizwa chochote. Kibali kilikuwa kikwazo kwa Waafrika, Waamerika Kusini na Waasia, na kilitegemea mambo mawili: nchi yako iko nafasi ya ngapi FIFA, na umeichezea mechi ngapi kati ya zile za mashindano. Wakenya wanaukumbuka Januari 2010. Manchester City walimtaka McDonald Mariga kutoka Parma, lakini Kenya ilikuwa nje ya nchi 70 za juu, dili likakwama kwenye kibali, na kiungo huyo akaishia Inter Milan, timu iliyobeba mataji matatu makubwa msimu huohuo. Mwaka 2015 masharti yalikazwa zaidi: nchi ilitakiwa iwe ndani ya 50 bora, na kadiri ilivyokuwa chini kwenye orodha, ndivyo mchezaji alivyotakiwa kuwa na asilimia kubwa ya mechi.

FM17, iliyotoka Novemba 2016 miezi michache baada ya kura ya Brexit, ilijaribu kubashiri yajayo. Ndani ya sevu (mchezo uliouanzisha na kuuhifadhi), Uingereza ilijitoa Ulaya kwa wakati usiojulikana na kwa masharti yaliyotofautiana sevu hadi sevu: mara wanasoka walisamehewa kabisa, mara kila mgeni alihitaji kibali. Ulikuwa ubunifu mzuri, ila ulikuwa kamari. Ukifungua toleo hilo leo, usitumie ushauri wa hapa chini.

Tarehe 1 Januari 2021 kamari iliisha. Mjerumani, Mfaransa na Mtanzania wakawekwa kwenye mstari mmoja, na chama cha soka cha England, FA, kikaleta mfumo wa pointi. Wasamehewa wakubwa ni raia wa Ireland, ambao hawahitaji kibali kabisa. Kumbuka hilo unapotazama wachezaji wenye uraia wa nchi mbili: pasipoti ya Ureno au Italia haikusaidii chochote England siku hizi, ya Ireland inamaliza kila kitu.

Mlango wa kwanza ni timu ya taifa. Kama nchi iko kati ya nafasi ya 1 na 10 FIFA, mchezaji aliyecheza asilimia 30 ya mechi za mashindano za taifa lake anapita moja kwa moja, bila pointi kuhesabiwa. Nafasi ya 11 hadi 20 inataka asilimia 40. Ya 21 hadi 30 inataka 60. Ya 31 hadi 50 inataka 70. Nje ya 50 hakuna kupita moja kwa moja, hata kama mtu ameanza kila mechi akiwa na kitambaa cha unahodha mkononi.

Kuna mambo matatu hapa ambayo watu huyakosea. Mechi za kirafiki hazihesabiwi. Nafasi ya FIFA inayotumika ni wastani wa kipindi kizima, si ile ya mwezi huu, kwa hiyo nchi iliyopanda ghafla baada ya fainali nzuri haitambeba mchezaji wako papo hapo. Na kinachohesabiwa upande wa taifa ni kuonekana uwanjani, wakati upande wa klabu ni dakika. Aliyeingia dakika ya 88 akiwa na Senegal amepata alama ileile na aliyeanza. Ndiyo maana mchezaji wa akiba wa Morocco au Senegal, nchi zilizokuwa 20 bora baada ya Kombe la Dunia la 2022, mara nyingi ni rahisi kumsajili kuliko nyota wa nchi iliyo nafasi ya 60.

Asiyepita mlango huo anahesabiwa pointi, na anahitaji 15. Zinatoka sehemu kadhaa: mechi za taifa, dakika za ligi, dakika za mashindano ya bara, nafasi ambayo klabu yake ilimaliza kwenye ligi, umbali ambao klabu ilifika kwenye mashindano ya bara, na hadhi ya ligi anayocheza. Makinda wana nyongeza yao kwa mechi za timu za taifa za vijana na ligi za vijana.

Moyo wa mfumo ni hadhi ya ligi. Ligi zote duniani zimegawanywa katika makundi sita. Kundi la 1 ni ligi kuu za England, Hispania, Ujerumani, Italia na Ufaransa. Kundi la 2, mfumo ulipoanza 2021, lilikuwa na Ureno, Uholanzi, Ubelgiji, Uturuki na Championship, daraja la pili la England. La 3 lilikuwa na Brazil, Argentina, Mexico, Urusi na Uskoti. La 4 lilikuwa na ligi za daraja la pili za nchi kubwa pamoja na ligi kama za Denmark, Croatia na Uswisi. La 6 ni kila ligi isiyotajwa kwingine, na humo ndimo zilimo ligi zetu zote za Afrika Mashariki. FA huhamisha ligi kati ya makundi, kwa hiyo thibitisha kwenye gemu kabla hujaapa.

Kucheza tu kwenye ligi ya kundi la 1 kunampa mchezaji pointi 12. Kundi la 2 ni 10, la 3 ni 8, la 4 ni 6, la 5 ni 4, la 6 ni 2. Juu ya hapo zinaongezwa za dakika. Aliyecheza asilimia 90 au zaidi ya dakika za ligi anapata tena idadi ileile ya kundi lake: 12, 10, 8, 6, 4 au 2. Kila asilimia 10 zinazopungua zinaondoa pointi moja. Chini ya asilimia 30 ni sifuri, hata kama anacheza Real Madrid.

Chukua mfano ambao Watanzania wanaujua. Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019, akafunga Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa Novemba 2019, na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa. Kwa sheria za wakati huo Tanzania ilikuwa mbali mno na nafasi ya 50, hivyo mechi zake za Taifa Stars zisingeweza kumpitisha moja kwa moja, na usajili wake ulitangazwa kwa sharti la kupata kibali. Sasa mpige hesabu kwa mfumo wa FM24. Ligi ya Ubelgiji, pointi 10. Dakika, tuseme asilimia 80 na kitu, pointi 9. Tayari ana 19, kabla ya kugusa ubingwa na Ulaya. Hahitaji kumwomba mtu.

Mrudishe nyuma sasa, umchukue moja kwa moja kutoka Afrika. Ligi ya kundi la 6: pointi 2. Acheze kila dakika: 2 nyingine. Ubingwa unaongeza kidogo sana. Ligi ya Mabingwa ya CAF inahesabiwa kwenye kundi la chini la mashindano ya bara, nayo inatoa pointi chache. Mechi zote za taifa lililo nje ya 50 bora hazifiki popote. Ukijumlisha kila kitu, hata akiwa mfalme wa Dar es Salaam au Nairobi, 15 haifiki.

Hilo linauma, na FM24 inalionyesha bila kulipaka rangi. Mfumo mpya ni mwema kwa Samatta wa Genk na ni mkatili kwa Samatta wa Mazembe. Kwa vijana wa Ulaya nao mambo yamegeuka: kinda wa Kihispania mwenye miaka 19, anayecheza nusu ya dakika kwenye daraja la pili la nchi yake, ana 6 za ligi na 2 za dakika. Nane. Kabla ya 2021 ungemchukua kwa simu moja.

Je, gemu linakusaidiaje kuyajua haya mapema? Hapa sifa zimechanganyika na lawama. Linachofanya vizuri ni kwamba ripoti ya skauti inataja uwezekano wa kibali, na kwenye utafutaji wa wachezaji unaweza kuweka sharti la kibali kama kichujio. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Hifadhi kichujio chenye masharti matatu: umri, bei, na kibali. Orodha ya majina elfu moja itashuka mara moja, na skauti wako hawatamaliza wiki sita Kolombia wakimtazama mtu ambaye hawezi kuja.

Lawama ni kwamba maneno ya skauti ni ya jumla. Yanakwambia inawezekana au ni vigumu, na kwa msimamizi anayetaka kupanga hilo halitoshi, kwa sababu mchezaji mwenye pointi 14 na mwenye pointi 5 wanahitaji mipango tofauti kabisa. Wa 14 amebakiza mechi chache za kuanza na atakuwa tayari dirisha lijalo. Wa 5 anahitaji kuhama ligi. Kwa hiyo fungua historia ya mchezaji, tazama dakika zake za msimu, tazama ligi, na uhesabu mwenyewe. Ukishafanya mara tano, mkono unazoea.

Mwenye pointi 10 hadi 14 yuko katikati. Kwenye sheria halisi, ombi lake linaweza kupelekwa mbele ya jopo linaloangalia mazingira yake. Usijenge kikosi juu ya matumaini hayo. Jopo ni la kubahatisha, na kama huyo ndiye beki pekee uliyempanga, andaa jina la pili ambalo limeshapita 15.

Tangu Juni 2023 kuna njia nyingine, na FM24 ndiyo toleo la kwanza kuileta: nafasi za ESC (Elite Significant Contribution). Ni nafasi maalumu za kusajili wachezaji wasiofika 15 lakini wanaoonekana kuwa na kipaji cha kuleta mchango mkubwa. Klabu za Ligi Kuu na Championship zinaweza kuwa nazo hadi nne, za League One na League Two, madaraja ya tatu na ya nne, hadi mbili. Idadi unayopewa inategemea dakika unazowapa wachezaji wenye sifa ya kuichezea England.

Hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote za mfumo, kwa sababu inaunganisha vitu viwili ambavyo zamani havikuhusiana. Kumpa dakika beki wa kulia wa Kiingereza kutoka akademi yako, mechi dhidi ya timu ya mkiani, kunakusaidia kumleta mshambuliaji kutoka Ekuador mwaka ujao. Wanaocheza na kikosi cha wageni watupu wanashangaa kwa nini nafasi zao ni chache. Tazama dakika za Waingereza wako kila mwezi, hasa Oktoba hadi Februari wakati kuna mechi nyingi za vikombe na unazungusha kikosi.

Nafasi za ESC usizimalize kwa wachezaji wa kati. Kosa linaloonekana sana ni kuzitumia zote dirisha la kwanza kwa makinda wanne wa bei rahisi, halafu Januari anapatikana kiungo wa kweli na huna pa kumweka. Mtu uliyemsajili kwa nafasi hiyo anaiziba. Mpe mchezaji ambaye usipomchukua sasa, baada ya mwaka bei yake itakuwa mara tatu. Na usimpe kabisa nafasi hiyo yule mwenye pointi 13 ambaye akimaliza msimu alipo atafika 15 mwenyewe. Huyo msubiri.

Yako mambo mengine yanayovunja dili hata pale hesabu ilipokuwa sahihi mwanzo. La kwanza ni wakati. Dakika huhesabiwa kwa miezi 12 iliyopita, hivyo mchezaji aliyewekwa benchi kuanzia Septemba hadi Machi anaweza kuonekana hafai mwezi Juni wakati Agosti mwaka uliotangulia alifaa. La pili ni kushuka daraja. Klabu yake ikishuka, hadhi ya ligi yake inashuka nayo, na pointi 12 zinaweza kugeuka 6. Ukisikia timu ya Ufaransa au Ujerumani iko kwenye mstari wa kushuka na ina mchezaji unayemtaka, maliza mapema. La tatu ni kustaafu timu ya taifa. Mkongwe wa nchi ya 10 bora aliyestaafu mwaka jana bado ana asilimia zake, lakini zinayeyuka kila taifa linapocheza bila yeye.

La nne ni siku ya mwisho ya dirisha. Ombi la kibali si la papo hapo. Dili lililokubaliwa saa za mwisho halikuachii muda wa mpango wa pili ukikataliwa. Kwa wachezaji wote wa nje ya Uingereza na Ireland, jiwekee tarehe yako ya kufunga wiki moja kabla ya dirisha. La tano ni umri: tangu Uingereza itoke Ulaya, mchezaji wa nje hawezi kuhamia klabu ya England kabla ya miaka 18. Unaweza kukubaliana mapema na akaja akifikisha, lakini kati ya makubaliano na kuja dakika zake zinaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo hakikisha klabu aliko inamchezesha. Mchezaji aliyeuzwa tayari mara nyingi huwekwa benchi.

Ombi likikataliwa, usikimbilie kuvunja kila kitu. Angalia kwanza kama bado unaweza kummiliki na kumtoa kwa mkopo nje ya Uingereza mpaka afike 15. Mfano hai ni Brighton na Kaoru Mitoma. Walimsajili kutoka Kawasaki Frontale Agosti 2021, hakuwa na sifa za kibali, wakampeleka Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji kwa msimu mmoja. Alirudi 2022 akiwa na sifa, na kilichofuata kila mfuatiliaji wa Ligi Kuu alikiona. Piga hesabu uone kwa nini Ubelgiji: ligi inatoa 10, na asilimia 40 tu ya dakika inatoa 5. Jumla 15. Hahitaji hata kuwa wa kudumu kikosini.

Katika kuchagua klabu ya mkopo, watu hutazama ukubwa wa jina. Ni makosa. Tazama nafasi anayocheza na nani yuko mbele yake. Timu ya katikati ya msimamo yenye shimo kwenye winga ya kushoto itampa asilimia 70. Bingwa atampa asilimia 20 na medali, na asilimia 20 ni sifuri. Kwenye mkataba wa mkopo weka kipengele cha kucheza mara kwa mara, chukua mchango mdogo wa mshahara kama ndiyo bei ya dakika, na acha kipengele cha kumrudisha Januari. Ukiweza, iombe bodi klabu dada Ubelgiji, Uholanzi au Ureno. Klabu dada England haikusaidii, maana bila kibali hachezi popote Uingereza.

Mchezaji ambaye yuko England tayari, akihamia klabu nyingine, klabu mpya nayo inahitaji kibali chake. Kwa kawaida si tatizo. Championship pekee inampa 10, na dakika zinamalizia. Tatizo ni aliyekaa benchi msimu mzima Ligi Kuu kwa dakika chini ya asilimia 30, ambaye pointi zake za ligi ni 12 tu. Ukiona jina kubwa linauzwa kwa bei ya kutupa na hakuna klabu ya England inayolisogelea, anza kwa kukagua hapo.

Nje ya England gemu linabadilika kabisa, na kwa anayetaka kujenga timu na wachezaji wa Afrika Mashariki hizi ndizo aya za kusoma mara mbili. Hispania inaruhusu wachezaji watatu tu wasio wa Umoja wa Ulaya kwenye ligi kuu, lakini raia wa nchi zilizokuwa kwenye mkataba wa Cotonou, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, uliotiwa saini Benin mwaka 2000, hawahesabiwi kwenye idadi hiyo. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zilikuwemo. Mbrazil anakula nafasi, Mkongo hali. Ufaransa ina kikomo cha wanne na unafuu uleule. Italia haina unafuu huo, na klabu za Serie B haziwezi kumleta mtu asiye wa Umoja wa Ulaya moja kwa moja kutoka nje. Uholanzi haina kikomo cha idadi ila ina ukuta wa fedha: mshahara wa asiye wa Ulaya lazima ufike asilimia 150 ya wastani wa ligi, na vijana wana kiwango chao cha chini zaidi. Timu ndogo ya Eredivisie inaweza kumpenda kijana wa Kampala na bado bajeti ya mishahara ikakataa.

Ubelgiji ina kima cha chini cha mshahara pia, lakini ni cha kubebeka, na haina ukomo wa wageni. Si ajabu Victor Wanyama naye alipita Beerschot kabla ya Celtic na Southampton. Gemu limeiga njia ya kweli ya wachezaji wetu.

Udhaifu mkubwa wa FM24 ni kwamba sheria zake zimeganda. FA huzirekebisha karibu kila msimu, na toleo la 2023 halijui yaliyofuata. FM25 ilifutwa Februari 2025, hivyo waliokaa na FM24 walikaa na sheria hizohizo kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka FM26 ilipotoka Novemba 2025 ikiwa na skrini zilizopangwa upya kabisa. Kama unahamia huko, mantiki ya pointi utaibeba, mahali pa kubofya utajifunza upya. Udhaifu wa pili ni ule wa kutokuonyesha hesabu kwa uwazi unaostahili. Kazi ya kuandika sheria hizi zote ndani ya gemu imefanywa, kinachokosekana ni kumwonyesha mchezaji jinsi namba ilivyofikiwa.

Wasioutaka mfumo huu wana kihariri cha bure kinachokuja na nakala ya Steam (duka la gemu la mtandaoni), ambacho watu hukitumia kutengeneza faili za kuondoa masharti. Mabadiliko ya sheria ya namna hiyo yanahitaji sevu mpya. Hayaingii kwenye iliyoanza. Kihariri cha ndani ya mchezo kinanunuliwa peke yake, nacho kinaweza kumwongezea mchezaji uraia. Ukimpa wa Ireland, umemaliza. Ila ukifanya hivyo umejinyima sehemu inayofikirisha kuliko zote kwenye usajili.

Jambo la mwisho linahusu mashine yako. FM24 inakubali kuanzia RAM ya GB 4 na nafasi ya takriban GB 7, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba zitaiendesha, lakini kila ligi unayoiongeza inapunguza kasi. Watu hukata ligi ili gemu liwe jepesi, na hapo huharibu hesabu ya vibali bila kujua, kwa sababu ligi usiyoipakia haichezwi kwa ukamilifu na rekodi za wachezaji wake ni pungufu. Barani Afrika, ligi ya Afrika Kusini ndiyo pekee inayochezeka bila faili za nyongeza. Kama unaongoza timu ya England na kompyuta ni dhaifu, punguza madaraja ya chini ya England kwanza, kisha pakia madaraja ya juu ya Ubelgiji, Uholanzi na Ureno, hata kama ni kwa kutazama tu. Huko ndiko wachezaji wako wa mkopo watakapotafuta pointi zao.